Mbwa Kizingitini: Taabu na Mafunzo ya Kulea Kilebu Ghorofani

Sisi watu wa pwani ni watu wa paka. Pita vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, au teremka Lamu uelekee sokoni, utawakuta wamejinyoosha juu ya baraza, wengine wako chini ya meza za wauza samaki wakingoja fungu lao, wala hapana anayewafukuza. Mbwa ni habari nyingine. Mtoto wa kwetu akimwona mbwa hukimbia kabla hajafukuzwa, na mtu mzima hukusanya kanzu yake akapita upande wa pili wa njia. Ndivyo tulivyolelewa.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, usinicheke nikikwambia kuwa mimi, mzaliwa wa Mombasa niliyetiwa chuoni tangu utoto, nilikaa miezi saba na mtoto wa mbwa katika nyumba ya kupanga, tena ghorofani, huko Muhoroni. Nayaandika haya kwa sababu vijana wetu wengi wanakwenda bara kutafuta riziki, na huko hukutana na haja ambazo kwao hawakuzijua. Wengine hata papo hapo Mombasa na Malindi wameanza kufuga mbwa kwa kuwa wamewaona wenziwao wakifuga. Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, ni mzuri wa kutazama. Ana macho ya kuomba na tumbo la mviringo, na ni watoto wachache wanaoweza kumwacha. Lakini kumlea ni kazi, na kwa Mwislamu ni kazi mara mbili, kwani ana hesabu mbili za kutoa: moja kwa majirani zake na moja kwa Mola wake.

NYUMBA ISIYO NA UA

Muhoroni ni mji wa miwa. Uko mashariki ya Kisumu, kando ya reli ile ya zamani iliyofika Ziwani mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Upande wa kaskazini umesimama ukuta wa milima ya Nandi, na chini yake mashamba ya miwa yanaendelea mpaka Chemelil na Miwani, ambako kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilianza mwaka 1922. Mji wenyewe ulikua pamoja na kiwanda chake cha sukari kilichojengwa katika miaka ya 1960. Mgeni hulakiwa na harufu ya molasi kabla hajaiona nyumba hata moja.

Nilipelekwa huko kusomesha. Tulipanga katika jengo la orofa mbili lenye milango minane, sisi tukiwa juu. Halikuwa na ua wala lango. Ngazi ilianzia barabarani ikaishia mbele ya mlango wetu. Usiku mmoja wezi waliipanda ngazi hiyo, wakachukua mtungi wa gesi, viatu vya watoto na baiskeli yangu, na sisi tumelala. Wiki mbili baadaye wakarudi kwa jirani.

Mama mmoja aliyekaa chini yetu, muuza omena, akaniambia, "Mwalimu, wewe unataka guok. Mbwa hata akiwa mdogo, mwizi akimsikia anapita." Guok ndiyo mbwa kwa Kijaluo. Kwao kijijini jike lao lilikuwa limezaa, na Jumamosi iliyofuata akaniletea mmoja ndani ya kikapu cha omena. Alikuwa dume, rangi ya mchanga, mwenye umri wa wiki sita hivi. Baadaye daktari wa mifugo alinilaumu akasema nimemchukua mapema, kwani kilebu asitengwe na mamaye kabla ya wiki nane. Katika wiki hizo za mwisho ndipo anapofundishwa na mamaye na ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza.

Binti yetu wa miaka tisa alimwita Simba papo hapo. Mke wangu alisimama mlangoni, akamtazama Simba, kisha akanitazama mimi. "Baba watoto," akasema, "mbwa na msala havikai nyumba moja."

ALIYOYASEMA SHEHE

Sikuwa na jibu. Nikamwendea shehe mmoja mzee ninayemwamini, nikamweleza yote: wezi, ngazi, kilebu na neno la mke wangu. Alicheka kwanza. Kisha akanifungulia mambo ambayo nilidhani nayajua, kumbe nilikuwa nayo nusu nusu.

Alisema kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuweka mbwa pasi na haja, na kwamba anayemweka hivyo hupungukiwa kila siku na kirati ya thawabu zake, na katika riwaya nyingine kirati mbili. Lakini wametolewa mbwa wa kuwindia, mbwa wa kulinda mifugo na mbwa wa kulinda mazao. Je, mbwa wa kulinda nyumba? Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na mwaka 1277, alitaja kauli mbili za wenzake katika madhehebu ya Shafi, akaona iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu, kwa kuwa haja ni ile ile. Na hata suala la kilebu ambaye bado hajui kulinda, anayelelewa ili aje afanye kazi hiyo, wanachuoni hao wamelizungumza, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu pia.

"Lakini kumbuka," akaniambia, "hukumu hii imesimama juu ya haja. Siku haja ikiondoka, na ruhusa imeondoka."

Akanikumbusha kisa kilichomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba Jibrili alimwahidi Mtume kumjia kwa wakati maalumu asifike, na sababu yake ilikuwa kilebu aliyeingia nyumbani bila kujulikana. Mtume akaamrisha atolewe, na pale alipokuwa pakanyunyizwa maji. Kisha akanikumbusha upande wa pili: mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Wala tusiwasahau Watu wa Pangoni waliotajwa katika Sura ya Al-Kahf. Mbwa wao ametajwa pamoja nao, naye alikuwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.

"Umesikia?" akasema shehe. "Hakuwa ndani katikati yao, wala hakufukuzwa. Mahali pake palikuwa kizingitini. Nenda ukamtafutie wako kizingiti."

KUOSHA MARA SABA

Maneno hayo yalinipendeza sana njiani. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kuwa ghorofa yetu haikuwa na kizingiti cha maana. Ulikuwako mlango, na mbele yake kituo cha ngazi, mraba mdogo wa saruji. Kabla sijapanga lolote, Simba alikuwa amekwisha kojoa sebuleni.

Katika madhehebu yetu ya Shafi mbwa ni najisi nzito. Mate yake, mkojo wake na hata jasho lake, kikiguswa kitu nacho kuna umajimaji, hakitwahiriki mpaka kioshwe mara saba, na moja kati ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo ulio twahara. Kikavu kwa kikavu hakina neno. Wenzetu wa madhehebu ya Malik wana mtazamo mwingine, wao humhesabu mbwa aliye hai kuwa ni twahara, lakini mimi ni Mshafi na mke wangu ni Mshafi zaidi yangu.

Basi fikiri. Kilebu wa wiki sita hukojoa kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, nayo yataka udongo, tofauti na ardhi ya mchanga ambayo yenyewe ni udongo na hutosha kuoshwa kwa maji. Maji tulikuwa tukinunua kwa madumu ya lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Katika siku tatu za mwanzo nilikausha, nikamwaga, nikahesabu moja mpaka saba, nikaanza tena. Udongo wa huko nao ni ule mweusi wa tambarare za Kano, ukilowa hunata kama ulimbo, na sakafu ikatoka chafu kuliko ilivyokuwa. Usiku wa tatu nilikuwa nimepiga magoti sebuleni na tambara mkononi, na mke wangu amekaa kitandani ameshika msala wake kifuani, kwani hakujua pa kuutandika.

Sikumpiga Simba, lakini nilimkaripia. Nilimshika nikamsukumia pua penye mkojo wake kama nilivyoona watu wakifanya. Matokeo yake ni kuwa alianza kujificha nyuma ya kabati akajisaidia huko.

MTOTO UMLEAVYO

Aliyenifungua macho ni daktari wa mifugo. Alinieleza jambo dogo ambalo laiti ningalilijua mapema. Kilebu hakumbuki alichokifanya dakika tano zilizopita. Ukimkaripia juu ya mkojo wa zamani, haelewi kuwa kosa ni mkojo. Anachokielewa ni kuwa wewe ukimwona ukali unakujia, basi afadhali ajifiche. Kumfundisha ni kumpeleka mahali panapofaa kabla hajafanya, na akifanya pale, kumsifu na kumpa kidogo cha kula papo hapo. Akikosea, usafishe unyamaze. Kosa ni lako wewe uliyechelewa.

Akaniambia tena kwamba kibofu cha kilebu kinafuata umri. Kadiri yake ni saa moja kwa kila mwezi aliokwisha timiza, labda na moja zaidi. Wa miezi miwili huweza kujizuia saa mbili, au tatu akiwa amelala. Zaidi ya hapo si ukaidi, ni mwili. Na ziko nyakati nne ambazo humshika bila kukosa: anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kunywa na anapomaliza kucheza.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Nilimwita seremala akapigilia ubao wa futi moja kukata mlango chini, kutoka fremu hii mpaka hii. Watu wakauruka, Simba asiweze. Hicho ndicho kikawa kizingiti chetu. Nje ya ubao, penye kituo cha ngazi, nikamwekea boksi la sabuni lenye gunia, na bakuli lake la bati ambalo halikuingia jikoni hata siku moja. Mdomo wa ngazi nikauziba kwa kipande cha wavu. Karibu na mlango nikatundika kikoi kikuukuu na shati la zamani kwenye msumari. Hizo zikawa nguo za mbwa, na kila nilipomshughulikia nilizivaa, nikazivua huko huko nje. Nikaweka na kopo la udongo mwekundu niliouomba kwa mjenzi mmoja, usionata, kwa ajili ya najisi itakayotokea.

Ngazi ilikuwa na vidato kumi na vinne, na kilebu mdogo hawezi kuteremka. Nilimtia katika karai kuukuu nikamteremsha nalo mpaka nyuma ya nyumba, kando ya ua wa miwa, mahali pamoja tu siku zote. Harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Na kwa sababu hiyo hiyo, ndani akikojoa ni lazima harufu iondoke kabisa; siki iliyochanganywa na maji husaidia, lakini kuosha mara saba, nakuhakikishia, hakubakishi harufu yoyote. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sheria yetu na ufundi wa daktari vilikuwa vikiniambia neno moja.

Saa pia nilikuwa nazo tayari. Alfajiri, kabla ya kutawadha, karai lilikuwa linateremka. Hali kadhalika kabla ya alasiri, kabla ya magharibi na kabla ya isha. Mwenye kuamka kwa sala hahitaji kutafutiwa saa ya kumwamsha kwa mbwa. Katikati ya usiku niliamka mara moja zaidi kwa mwezi mzima, na sitaficha kuwa usiku mwingine nilisali rakaa mbili kwa kuwa nimekwisha amka, neema ambayo kabla ya Simba sikuwa nayo.

Taabu ilikuwa adhuhuri. Mimi nilikuwa darasani, na mama wa omena alikuwa sokoni. Wiki ya kwanza ya mpango huu nilikuwa nikirudi mbio wakati wa chakula. Siku moja nilizuiliwa kazini nikafika alasiri, nikijua nitakuta bahari. Nilimkuta mke wangu anapanda ngazi, mikono ameifunga kwa mifuko ya plastiki, amelishika karai, na Simba yumo ndani amekaa kama liwali. "Usinitazame," akaniambia. "Alikuwa analia. Mnyama hana kosa." Tangu siku hiyo adhuhuri ikawa yake.

MAJIRANI

Anayelea mbwa katika nyumba yenye milango minane halei peke yake. Usiku wa kwanza nje ya mlango Simba alilia mpaka saa nane, kwani kilebu aliyetengwa na wenzake hulia kwa upweke, na milango saba ilisikia. Nilikwenda mlango kwa mlango asubuhi kuomba radhi. Mmoja alinisamehe, mwingine akaniuliza kama watu wa pwani hawalali. Dawa yake ilikuwa kukaa naye nje mpaka asinzie, kila usiku muda mfupi kuliko jana, na kumwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa tambara ili aone joto. Usiku wa tano akanyamaza.

Mavi yake nilikuwa nikiyazoa na kuyafukia, si kwa adabu tu. Vilebu wengi huzaliwa na minyoo, au huipata kwa maziwa ya mama, na mayai ya minyoo hiyo yakibaki mchangani huweza kumwingia mtoto anayecheza pekupeku na kutia mikono mdomoni. Kwa hiyo Simba alipewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili mpaka alipotimiza miezi mitatu.

Mvua za masika zilipoanza, zile za Ziwani zinazopiga mchana na ngurumo zake, alama za miguu ya udongo mweusi zilijaa ngazini. Nikawa mfagiaji wa ngazi ya watu wanane. Huo ndio ukweli wa mbwa wa ghorofani ambao hakuna anayekwambia siku unapoletewa kikapuni.

SIKU YA HOFU

Nimefika penye jambo ambalo lingeweza kuharibu kila kitu. Simba alikuwa na wiki kumi na moja, meno yanamwasha, anatafuna kila kilichopita mbele yake. Mtoto wa mama wa omena, mwenye miaka mitano, alikuwa akicheza naye ngazini, akamnyang'anya kitambaa. Simba akarukia kitambaa akaukuta mkono. Meno ya kilebu ni membamba kama sindano. Yakaingia, damu ikatoka.

Simba alikuwa bado hajachanjwa. Daktari alikuwa amenipangia kumleta akitimiza miezi mitatu, nami nilikuwa nikihesabu siku.

Kichaa cha mbwa, msomaji, si hadithi ya kutishia watoto. Dalili zake zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na binadamu wa kwanza kuthibitishwa, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa eneo hili la Ziwa. Duniani inakisiwa kuwa watu 59,000 hufa kwao kila mwaka, na katika kila mia, 99 huambukizwa na mbwa. Serikali ya Kenya iliweka mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100.

Tuliuosha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Hilo ndilo la kwanza, kabla ya gari, kabla ya hospitali, kwani kuosha peke yake hupunguza hatari sana. Msitie pilipili, wala mafuta, wala msifunge jeraha. Kisha tukaenda hospitali, na daktari akaanza sindano siku hiyo hiyo. Simba akafungwa na kuangaliwa siku kumi, kwani mbwa akibaki mzima muda huo, basi siku alipouma ugonjwa haukuwamo matemate yake.

Nilizilipa sindano, na hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kupita mbele ya mlango wa mama yule kila asubuhi. Yeye ndiye aliyeniletea mbwa kwa kunitakia heri, na mtoto wake ndiye aliyeumwa kwa uzembe wangu wa kuwaacha mtoto na kilebu bila mtu mzima. Siku ya saba nilimkuta ngazini. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akajibu, "Mwalimu, mtoto na mbwa wote ni watoto. Wewe ndiye mkubwa." Sijapata kupewa somo fupi kuliko hilo.

Siku kumi zikapita, Simba mzima. Alipotimiza miezi mitatu akachanjwa, na baada ya hapo hakubaki na mtoto peke yake hata dakika moja. Kuuma nako tulimwachisha kama daktari alivyoelekeza: akigusa ngozi kwa meno, mchezo unakwisha hapo hapo, unampa mgongo unaondoka. Alipewa mfupa na kipande cha kamba ya katani ya kutafuna. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao hawakukosea.

RUHUSA IKIONDOKA

Alipotimiza miezi minne na nusu Simba alikuwa hajikojolei tena. Aliweza kuteremka ngazi kwa miguu yake, akaenda kando ya miwa, akarudi akalala mbele ya ubao. Usiku mmoja alibweka kwa mara ya kwanza kwa sauti nzito, na asubuhi tukaona alama za viatu kwenye kidato cha tatu, zimegeuka kurudi zilikotoka. Jengo zima lilimpongeza. Yule aliyeniuliza kama watu wa pwani hawalali alimletea kichwa cha samaki.

Lakini wapangaji walikuwa wamekwisha mlalamikia mwenye nyumba kwa muda mrefu, naye hatimaye akajenga ukuta, akatia lango la chuma na kuandika bawabu wa usiku. Simba alikuwa na miezi minane, mwili mkubwa, anashinda juu ya mraba wa saruji usiotosha hata kugeukia vizuri. Nilikumbuka neno la shehe. Haja ilikuwa imeondoka. Kilichobaki ni mapenzi ya binti yangu, na mapenzi ya binti yangu hayamo katika orodha ya kuwinda, mifugo na mazao.

Kumtupa njiani sikuweza kukufikiria. Mbwa koko wote tunaowaona wakipigwa mawe sokoni, wengine ni wale waliochukuliwa wakiwa wazuri wa kutazama, kisha wakaachwa walipokuwa wakubwa wa kulisha. Kumuuza pia sikuweza, kwani thamani ya mbwa imekatazwa katika madhehebu yetu. Nikampa bure rafiki mmoja mwenye ng'ombe upande wa Koru, pamoja na karatasi yake ya chanjo na bakuli lake la bati. Binti yangu alilia siku mbili. Mke wangu aliung'oa ubao mlangoni, akaosha kituo cha ngazi mara saba, moja kwa udongo mwekundu, kisha akakaa kimya muda mrefu kwa mtu aliyekuwa amepata alichokitaka.

Baada ya miezi miwili tulikwenda Koru kumtazama. Mwenyeji wetu alisema mbwa huyu amemshangaza. Mchana yuko na ng'ombe, usiku hulala mlangoni, na hata mvua ikimnyeshea na mlango uko wazi, haingii. "Nani alimfundisha?" akaniuliza. Nikamwambia tulimfundisha pamoja, mimi, mama watoto, mama wa omena, daktari na shehe mmoja.

Basi ndugu yangu, ukimwona kilebu kikapuni na moyo ukakutuma, jiulize kwanza kama una haja naye ambayo sheria inaijua. Kisha jiulize ni nani atakayemteremsha ngazi adhuhuri, na ni nani atakayemchukua siku haja itakapokwisha. Ukiwa na majibu, mtafutie kizingiti chake, mchanje, mfundishe kwa upole, na uwaombe radhi majirani mapema. Ukiwa huna, mpe maji na kipande cha mkate, upate thawabu zako, umwache kwa mamaye.